Ule Mwanga wa Pale Miti Ulikuwa Kosa Langu

Vijana wa kikundi cha picha, ninawaandikia nikiwa na hasira, na ninaomba msiitafutie hasira yangu jina la upole. Si uzee. Si presha. Presha yangu ilipimwa juzi, muuguzi akasema iko kama ya kijana, na mke wangu Cécile akamuuliza mtu asiyevuka mlango wa nyumba yake atapandishwa presha na nini. Ni kweli. Tangu nilipostaafu nimekaa kwenye kiti changu hapa Kadutu, ninaangalia kipande cha ziwa kinachoonekana kati ya bati la jirani wa kushoto na bati la jirani wa kulia. Siku jirani wa kulia akiongeza bati moja, sitakuwa na ziwa tena, na kiti bado sitakihamisha.

Ninyi ndio mliokuja kunitoa kwenye kiti hicho. Nitafika hapo. Kwanza niwafundishe kazi, maana mnaonyesha picha bila kujua kazi, na mtu wa namna hiyo ni hatari kuliko mlevi kwenye usukani. Ninasema hivyo kwa sababu mlevi huyo niliwahi kuwa mimi.

Enzi zangu waliniita Papa Lampe. Misheni ilinipa mashine ya sinema, jenereta ambayo sote tuliiita groupe, shuka jeupe lililoshonwa kutoka mashuka matatu ya kitanda, na masanduku ya bati yenye bobini, yale magurudumu ya kuviringia filamu. Tulizunguka Kavumu, Katana, Miti, mpaka kule chini Luvungi ambako jasho lako lilikuwa linadondokea mashine. Ninyi mnabonyeza simu, picha inatoka. Kwetu filamu ilikuwa kitu cha kushika. Ilikuwa na uzito. Ikizeeka ilinuka siki. Pembeni ilikuwa na matundu madogo, na kila tundu lilipaswa kushikwa na jino la mashine. Tundu moja likipasuka, filamu inakwama, na filamu ikikwama mbele ya lampu ile kali hata pumzi mbili tatu, inaungua.

Kumbukeni hilo la kuungua.

Aliyenifundisha ni frère mmoja, bruda wa misheni, mzungu mfupi, ndevu zake zimelala upande mmoja kwa sababu alizoea kuegemea mkono akisikiliza mashine. Ndiyo, kusikiliza. Aliniambia mashine nzuri inatafuna kama mbuzi; ikianza kutafuna kama mbwa, zima. Kale kadirisha ambamo filamu inapita mbele ya lampu, hakuniruhusu kukagusa kwa chuma hata siku moja. Mswaki tu, laini, na usiwe mswaki uliopiga nao meno. Nilijaribu na wangu. Kijiji kizima kilimwona Baba Mtakatifu akibariki umati huku unyuzi wa muhogo unaning'inia kwenye kofia yake.

Na alinifundisha jambo moja kubwa kuliko yote: kabla ya kuonyesha, filamu yote ipite kati ya vidole vyako. Bobini nzima, polepole, kidole gumba na cha shahada pembeni, unahisi kila tundu. Pakikukwaruza, simama, kata, kwangua kwa wembe, paka gundi, bana, subiri ikauke. "Évariste," alikuwa akiniambia, "macho yanapenda kudanganywa. Vidole havipendi."

Sasa filamu yenyewe. Tulikuwa nazo za vichekesho, za watakatifu, na moja ya kilimo cha kahawa ambayo watu wote waliilalia, pamoja na agronomu, bwana shamba aliyeileta. Lakini iliyoombwa kila mahali ni moja, nyeusi na nyeupe. Jina lake lilikuwa refu, la Kifaransa, na hakuna aliyelitumia. Sisi tuliiita Binti wa Mawe.

Ni habari za msichana maskini anayebeba mawe machimboni pamoja na baba yake. Siku moja anapiga magoti mbele ya ukuta wa jiwe, anainua uso, anaona. Anaona nini? Hapo ndipo ulipo ukubwa wa filamu ile: hawakuonyeshi. Baba anampiga kofi, padri anamhoji, daktari anammulika machoni, askofu anakuja na gari, na wewe uliyekaa kwenye benchi hujaona kitu zaidi ya uso wa yule msichana, umeoshwa na mwanga unaotoka upande ambao kamera haigeuki. Anakufa kitandani, na kamera haijageuka. Mimi mwaka wa kwanza nilidhani misheni imepoteza bobini. Nikamuuliza frère: "Frère, Bikira iko mu bobini ya ngapi?" Alicheka mpaka akashika meza. Halafu akaacha kucheka. "Hakuna bobini hiyo," akasema. "Waliotengeneza filamu hii walikuwa na heshima. Alichokiona ni chake. Wewe angalia uso wake, umwamini au usimwamini, basi."

Niliionyesha filamu ile mpaka nikaijua kama ngazi za nyumba yangu. Na bado, kila alipoinua uso, niliacha kutafuna chochote nilichokuwa ninatafuna, na mnaonijua mnajua hilo si jambo dogo. Ninyi mnaojaza mawingu na malaika wa kompyuta kwenye kila video, na kinanda kinalia chini yake, hebu kaeni na hilo kidogo.

Filamu ilisema Kifaransa. Watu wetu walitaka Kiswahili, na wamama wa Kabare walitaka Mashi. Kwa hiyo tulitembea na mfasiri, katekista Déo, Mungu amrehemu: mtu mrefu, sauti ya ngoma, amesimama kando ya shuka na kipaza sauti, anasema yale wanayosema watu wa filamu, na mara nyingi yale ambayo kwa maoni yake walipaswa kusema. Shida ya Déo ilikuwa moja. Hakuweza kuvumilia kimya. Watu wa filamu wakinyamaza, yeye anawaongezea maneno.

Pale Luvungi, kwa joto na nzi, niliweka bobini ya nne kabla ya ya tatu. Mama wa binti akazikwa, watu wakalia. Bobini iliyofuata, mama yuko jikoni anamenya viazi. Ukumbi kimya. Nikapeleka mkono kwenye swichi nizime, niseme, ndugu zangu, nimekosea. Déo akaniwahi.

"Munaona!" akapaza. "Amefufuka! Amerudilia batoto bake!"

Makofi! Vigelegele! Muzee mmoja alivua kofia. Njiani kurudi nilicheka mpaka machozi, na Déo akaniambia, "Papa Lampe, batu balifurahi. Sasa shida iko wapi?" Sikuiona shida. Nilikuwa na umri wenu.

Halafu ikaja Miti. Bado tulikuwa tunaitwa Zaïre. Onyesho lilikuwa la mchana, kwa sababu barabara ilikuwa mbaya na tulitaka kurudi kabla ya giza. Sinema ya mchana inataka giza la kutengeneza: unapigilia mablanketi kwenye madirisha yote ya ukumbi. Misumari ya Miti niliipigilia mimi mwenyewe, mirefu, kwa haraka, maana nilikuwa nimechelewa. Na kwa nini nilichelewa? Sambaza, vile visamaki vya ziwa letu. Tulikuwa na miezi mitatu ya ndoa, Cécile alikaanga sambaza asubuhi ile, na mimi, mtu wa nyumbani tangu tumboni mwa mama yangu, nikaomba sahani ya pili. Muda wa kupitisha bobini ya kwanza vidoleni nilikuwa nao. Muda wa bobini ya pili niliula.

Ukumbi ulijaa. Watoto chini, wamama kwenye mabenchi, wanaume wameegemea ukuta. Yeyote aliyepita katikati ya mwanga alipata haki yake: "Kaa chini! Unaziba!" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu ya sinema zetu, hata padri aliipata. Mbele kabisa, miguu karibu inagusa shuka, alikaa msichana wa miaka kama kumi na tatu, jina lake Nsimire.

Binti wa filamu akapiga magoti. Akainua uso. Na mashine ikaanza kutafuna kama mbwa. Niliisikia. Sitawaambia kwamba sikuisikia. Uso ukasimama kwenye shuka, ukatetemeka, na katikati yake pakatokea doa la rangi ya chai. Doa likafunguka. Likapata mabega. Likawa kama mtu aliyejifunika kitenge kichwani, pembeni yake dhahabu inachemka, na hii ni filamu isiyo na rangi! Kisha likapasuka, na mwanga mweupe mtupu ukajaa shuka lote na nyuso zote.

Kazi inasema: zima lampu, washa taa, sema imekatika. Maneno mawili, na mtoto mdogo anaweza kuyasema. Mkono wangu ulikuwa njiani. Lakini kimya kilikuwa kimeingia ukumbini, na Déo alikuwa na kipaza sauti.

"Huyu hapa!" akapaza. "Amekuja!"

Nsimire akaruka, akasimama katikati ya mwanga, mikono juu. "Ninamuona! Maman, ninamuona!"

Hakuna aliyemwambia kwamba anaziba.

Watu walianguka magoti, benchi zikapinduka. Na mimi nikaiacha lampu. Nimeshajitafutia sababu nyingi, zote ninazijua: nilishtuka, niliogopa kuvunja sala ya watu, nilimwonea Déo aibu. Ukweli ni kwamba kuzima kulikuwa sawa na kusimama mbele ya Miti nzima na kusema, mimi nilikula sambaza. Nilipozima hatimaye, hakuna aliyekuwa akiangalia mashine. Nikakata kipande kilichoungua, urefu wa mkono, nikakiviringa, nikakitia mfukoni. Nyumbani nikakiweka kwenye mkebe wa maziwa ya unga. Frère alikuwa amesharudi kwao. Hapakuwa na mtu wa kunivuta sikio.

Padri aliniuliza mara moja tu. "Évariste, mashine ilikuwa sawa?" Nikamjibu, "Mashine ilikuwa sawa, mon père." Ona ujanja huo. Mashine kweli ilikuwa sawa. Filamu ndiyo haikuwa sawa, na hakuuliza habari za filamu.

Cécile peke yake nilimwambia, na nilimwambia kama kichekesho. Kikawa kichekesho cha nyumba. Nikiunguza maharage, ananiambia, "Papa Lampe, Bikira ametokea tena." Tulicheka hivyo miaka na miaka. Kule Miti watu walikuwa wanasali mbele ya ukuta lilikotundikwa shuka langu, na mimi nilijisemea, basi, sala ni sala, inamdhuru nani? Zikaja kaseti za video, zikaja diski, zikaja simu, mashine yangu ikapata kutu, Déo akafa, mimi nikapata kiti. Nikadhani mambo yamekwisha.

Jumamosi ile mkaja ninyi watatu na mkubwa wenu Fidèle, mtu mzima, shati limepigwa pasi, amesoma mawasiliano. Akakaa kwenye kiti changu. Kiti changu! Mkasimamisha simu juu ya vyuma vitatu, mnataka ushuhuda wangu wa ukuta wa Miti, mkanikalisha mimi kwenye kigoda, na Fidèle akaniambia, "Karibu, Papa, jitambulishe," kana kwamba mimi ndiye mgeni.

"Papa, utasema tu kwa kifupi: mashine ilikuwa imezimwa, na mwanga ukatoka mu ukuta."

"Mashine ilikuwa inawaka, mwanangu."

"Papa, ni miaka mingi. Inawezekana umesahau."

"Nimesahau nilipoweka miwani yangu. Mashine sikusahau."

Akatabasamu, kale katabasamu ka kumbembeleza mtoto anywe dawa. "Papa, ushuhuda wako utamsaidia Maman Nsimire. Njo yeye anabeba video zetu zote sasa. Unajua alikuwa mu sukari, kila siku sindano? Ameacha. Leo siku ya tisa! Na macho yake ya mwili yameanza kufunga, haone tena muzuri. Hiyo iko alama, Papa. Ya roho yanafunguka."

Cécile alikuwa mlangoni anachambua maharage. Akaweka sahani chini. "Mulimwambia aache sindano?"

"Hapana, Maman. Hatukumwambia aache. Tulimwambia aamini."

Na mmoja wenu, anajijua, akaongeza, "Tulimchukua vizuri sana kwenye video, Maman, analia kabisa."

Hapo. Hapo ndipo nilipopata hasira hii ninayowaandikia nayo. Mama ameacha sindano, macho yanamfifia, na ninyi mnapima mwanga uso wake utakaa vipi kwenye simu! Niliwafukuza kwa maneno ambayo Cécile aliniomba nisiyaandike. Lakini mlipotoka, hasira haikutoka nanyi. Ilibaki ndani, ikazunguka nyumba, ikaja ikakaa kwenye kiti pamoja nami. Kwa sababu ni nani aliyewapa ninyi ule ukuta?

Na mnajua nilifanya nini? Nilimwambia Cécile, "Nitaenda kesho."

"Kesho?"

"Barabara ya Miti iko na vumbi sana leo."

Cécile hakupandisha sauti. Angepandisha ningebishana. "Évariste. Sambaza ulikula sahani mbili. Vumbi utakula moja. Wewe njo ulimuunguza huyo Bikira. Simama."

Nikachukua mkebe wa maziwa, nikapanda pikipiki. Mwenye pikipiki ananiuliza njiani, "Papa, unanikumbatia hivi, tutaoana?" Sikuwa na kicheko cha kumpa. Kila shimo lilinigonga, na kila shimo nilijiambia lile ni langu.

Miti ilikuwa na jua kali la mchana, lakini ndani ya ukumbi kulikuwa giza. Mmetundika mapazia meusi kwenye madirisha, kwa ajili ya video. Na mmeyatundika kwenye nini? Kwenye misumari yangu. Bado ipo, ina kutu, imepinda kushoto vilevile kama mtu mwenye haraka alivyoipigilia. Niligusa mmoja. Ninyi mlikuwa mmeshafika kabla yangu, mna gari.

Nsimire alikaa kwenye mkeka mbele ya ukuta. Msichana yule wa mbele ni mama mtu mzima sasa, amekonda mpaka shingo inaonyesha kamba zake. Pembeni yake kuna bidoni ya maji, nusu imekwisha. Binti yake Aline, mwanamke wa miaka thelathini hivi, alikuwa amesimama mlangoni na macho mekundu. Alipojua mimi ni nani hakunisalimu. Alisema, "Papa, kama umekuja kuongeza yako, rudi."

"Nimekuja kupunguza," nikamwambia.

Nikapiga goti mbele ya Nsimire, goti langu likalia hata Fidèle akalisikia. Nikasema jina langu, nikasema kazi yangu, na nikasema habari yote: bobini ya pili, tundu, lampu, Déo. Nikafungua mkebe. Harufu ya siki ikatoka.

"Papa," Fidèle akaanza, "Mungu anaweza kutumia hata filamu iliyoungua."

"Anaweza!" nikamjibu, na sauti yangu ikagonga mabati. "Anaweza, mimi sikatai. Lakini sindano aliziacha juu ya nani, juu ya Mungu ao juu ya simu yako? Mungu akitaka kuongea na huyu mama, ataongea naye pia baada ya sindano. Hana haraka ya video!"

Nikampa Nsimire kile kipande. Akakiinua kwenye macho, akakisogeza, akakirudisha. "Sione," akasema. "Naona ukungu."

Basi nikafanya kitu ambacho frère alinifundisha. Nikashika mkono wake, nikaweka pembeni ya filamu kati ya kidole gumba na cha shahada. "Vuta polepole, Maman."

Akavuta. Tundu, tundu, tundu. Nilikuwa ninayajua, nilikuwa ninayahesabu pamoja naye. Akafika. Kidole kikasimama. Akahisi lile lililopasuka, akarudi nyuma, akalirudilia. Kisha akasogeza kidole katikati, pale uso wa binti ulipokuwa, na kidole kikapita upande wa pili. Akakiacha hapo ndani ya tundu, muda mrefu.

"Ilikuwa inanuka," akasema. "Siku ile. Niliambia maman, iko harufu ya plastiki. Akaniambia nyamaza, ni ubani."

Akachomoa kidole kwenye tundu.

"Ulijua lini, Papa?"

"Siku ile ile."

"Siku ile ile?"

"Ulikuwa bado umesimama."

Akageuza uso upande wangu, sijui aliniona kiasi gani. "Bwana yangu aliniambia, chagua nyumba ao ukuta. Nikachagua ukuta. Alienda. Na wewe ulikuwa kwako."

"Nilikuwa kwangu."

"Ulikuwa unafanya nini?"

Ningeweza kutafuta jibu zuri. "Nilikuwa ninakula, Maman. Na ninacheka."

Vijana, nimezomewa kwenye kumbi nyingi. Nimetupiwa maganda ya ndizi kwa sababu groupe ilikosa mafuta. Sijawahi kuangaliwa vile, na macho yenyewe yalikuwa hayaoni. Hakunisamehe. Ninaliandika hili wazi, kwa sababu najua Fidèle angeweka kinanda hapo.

Nikasubiri aseme zaidi. Alisema na binti yake. "Aline. Kile chungu unakificha, ninajua unakificha. Leta."

Aline alikuwa amezihifadhi dawa siku zote zile kwenye chungu chenye mchanga mbichi, ndivyo wasio na friji wanavyofanya. Na simu alikuwa amepiga asubuhi bila kumwambia mtu: muuguzi amesema achome kipimo chake cha kawaida, kisha apelekwe hospitali Katana bila kukawia. Aline akavuta dawa kwenye bomba, akaliinua, akalisogeza huku na huku. "Sione hii mistari," akasema. "Giza."

Nikainuka. Nikashika pazia la kwanza, nikalivuta, likachanika kwenye msumari.

"Papa, pole pole!" Fidèle akasema. "Tulipanga mwanga!"

La pili nikalivuta kwa mikono miwili. La tatu. Nikasukuma mbao za dirisha, zikapiga ukuta wa nje, na jua la Miti likaingia lote kwa pamoja, jua la kawaida, na vumbi na kelele za mbuzi ndani yake. Nikageuka kuangalia ule ukuta. Kwa miaka yote ile sikuwahi kuuona mchana. Ulikuwa na chokaa inayobanduka, alama za mikono ya watu mpaka urefu wa mabega, nyeusi, laini kwa kuguswa, na mjusi. Nikasimama pale dirishani kama mjinga, nikitafuta mahali shuka langu lilipokuwa limefungwa.

"Papa Lampe."

Ilikuwa sauti ya Nsimire. Amekunja kitenge juu ya paja, na Aline ameinua bomba juu, anakunja uso, kivuli changu kimewafunika wote wawili.

"Kaa chini," akasema. "Unaziba."

Nikakaa chini.